Kutembea Dar es Salaam: maswali ambayo wageni huniuliza kila mara

Nimezaliwa Ilala, na nyumba yetu haijawahi kukosa mgeni. Likizo ya Juni anakuja mtoto wa mjomba kutoka Tabora, Desemba shemeji kutoka Nairobi, na katikati yao ndugu aliyekulia Toronto ambaye Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza. Wote nimewatembeza mwenyewe, na maswali yao hayapishani sana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Dar ina cha kutazama kweli, au ni jiji la kupita tu?

Ina, tena kingi. Najua watu wengi hushuka uwanja wa ndege asubuhi na kufika mchana wameshapanda boti ya Unguja au wanatafuta safari ya Arusha. Inaniuma kila ninapoona hivyo. Dar haina jengo moja la kusimama mbele yake, ukapiga picha, ukasema umeliona jiji. Utajiri wake ni watu waliokuja hapa kutoka pande zote wakabaki. Walikuwepo Wazaramo na Washomvi wa kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860 akaja Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, akaanza kujenga mji na kuupa jina la Kiarabu linalobeba maana ya amani. Alifariki mwaka 1870 kabla hajaumaliza, na mji ukadorora hadi Wajerumani walipohamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Humo katikati na baada yake wakaja Wahindi wa Gujarat na Kutch, Waarabu wa Hadhramaut, Wakomoro, Wamanyema kutoka Kongo, Wagoa, Wagiriki, na baadaye watu wa kila mkoa. Sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 5.3. Kila waliokuja wameacha mlango, mtaa au chungu cha chakula, na ukijua pa kuangalia, vyote utaviona.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Vaa viatu vya kutembelea, uwe mjini saa moja asubuhi kabla jua halijawaka, na uanzie kwenye sanamu ya Askari, Samora na Azikiwe zinapokutana. Kutoka pale hadi Kariakoo ni mwendo wa saa moja kwa mtu asiyesimama, lakini wewe utasimama. Tenga saa nne.

Sanamu ya Askari ilisimikwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916. Soma maandishi yaliyoko chini: yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na hizo ndizo lugha za mji wa wakati ule. Watu hupita hapo kila siku wakikimbilia daladala na hawajawahi kuyasoma. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini nilipoyasoma mara ya kwanza.

Shuka na Azikiwe hadi baharini. Utakutana na kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye kuta nyeupe na mapaa ya vigae vyekundu, na mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye mnara mrefu uliochongoka. Yote mawili yalijengwa na Wajerumani kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ingia la Mtakatifu Yosefu asubuhi, wakati mwanga unapenya kwenye vioo vya rangi. Endelea na Sokoine Drive utaiona nyumba ya Atiman, moja ya majengo ya enzi ya Sultani Majid, ambayo baadaye ikawa ya wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadre Weupe. Jina lake ni la Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani huko Mali, akakombolewa, akasomea utabibu, akaishi Karema kando ya Ziwa Tanganyika akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mbele yake iko Boma la Kale, la mwaka 1866 na 1867, la mawe ya matumbawe na mlango wa kuchongwa wa Kizanzibari. Ndani sasa kuna kituo cha urithi wa majengo chenye maonyesho ya namna mji ulivyokua. Ingia. Ramani za zamani zilizomo zitakusaidia kuelewa kila utakachokiona baada ya hapo.

Na kitu kikubwa cha kuelewa ni hiki: wakoloni waliupanga mji kwa rangi ya watu. Pwani na upande wa mashariki palikuwa Uzunguni, katikati Uhindini, na magharibi Uswahilini. Majina hayo wazee wanayatumia hadi leo. Matembezi yako yanazikata sehemu zote tatu.

Ukitoka Boma panda kwenda ndani, uingie mitaa ya Mosque, Jamhuri, Indira Gandhi na Kisutu. Hapo inua macho. Chini utaona maduka ya simu na vipuri, lakini ghorofani utaona roshani za mbao, madirisha ya nakshi, na juu kabisa jina la ukoo na mwaka uliojengwa, vikiwa vimeumbwa kwa saruji. Utapita jamatkhana kongwe, nyumba ya ibada ya Waismailia, misikiti ya Sunni na Shia, na mahekalu ya Kihindu ya Kisutu, yote katika hatua chache. Baadhi ya nyumba hizo zimeshabomolewa kupisha maghorofa ya vioo, na kila mwaka ninapopita nakuta pengo jipya. Ziangalie sasa.

Vuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed utakuwa Mnazi Mmoja. Wageni huona uwanja, miti, mnara wenye Mwenge wa Uhuru na watu waliojipumzisha kivulini. Mimi huwasimamisha hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Uwanja huu uliachwa wazi makusudi na serikali ya kikoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na watu wa mjini, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Uwanja huo huo ukaja kuwa wa mikutano ya kudai uhuru, na leo ni wa sala za Idi, mikutano ya hadhara na watoto wanaocheza mpira. Pembeni upo ukumbi wa Arnautoglu, uliobeba jina la tajiri wa Kigiriki aliyeutoa kwa ajili ya Waafrika, na upande wa pili ni Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na barabara uliyovuka ina jina la mwanamke wa Kiswahili, muimbaji wa ngoma, aliyewaingiza wanawake wa mji huu kwenye chama kwa maelfu. Mahali palipotengwa kutugawa ndipo tulipokutania.

Baada ya hapo ingia Kariakoo, tafuta chai na chapati, upumzike.

Kariakoo ni soko tu, au kuna zaidi?

Jina lenyewe ni historia. Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina, ukalilainisha, likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa, na kumbukumbu yao inayotamkwa na watu wengi zaidi kila siku ni jina hili la soko.

Jengo kubwa la soko lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege linafunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Liliungua Julai 2021 na limefanyiwa ukarabati mkubwa. Hata usiponunua kitu, lizunguke ulitazame paa.

Mitaa inayolizunguka ni soko la nusu ya Afrika. Utasikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu, Kibemba, Kikomoro, Kifaransa, na wafanyabiashara wa Kichina wanaojadili bei kwa Kiswahili kilichonyooka. Mtaa wa Kongo ni wa nguo, na kuna mitaa ya vitenge, ya vyombo, ya vifaa vya umeme. Ukitaka kuona nyumba ya Kiswahili ya zamani, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma, tafuta upesi, maana zimebaki za kuhesabu. Nyingine ziko Ilala na Magomeni.

Nitaibiwa?

Ukiwa makini, hapana. Begi lining'inie kifuani, simu ikae mfukoni, pesa ya matumizi madogo itenganishe na pesa kubwa. Usisimame ukingoni mwa barabara ukiwa na simu sikioni, kwa sababu wapo vibaka wanaopita na pikipiki wakaikwapua. Usiku Kariakoo na mjini kati nenda na mwenyeji. Mtu akikuita kwa upole ukatazame bidhaa "kule ndani", jibu kwa upole kwamba unashukuru, uendelee.

Kwa nini mitaa mingi ina majina ya watu wa nchi nyingine?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Samora, Lumumba, Nkrumah, Azikiwe, Haile Selassie, Kenyatta, Sékou Touré, Mandela, Sam Nujoma: ramani ya Dar ni orodha ya waliopigania Afrika, na wengi wao au vyama vyao walipita hapa hapa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar tarehe 25 Juni 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, hapa hapa jijini, tarehe 3 Februari 1969. Nujoma aliendesha harakati za Namibia akiwa huku. Che Guevara alijificha miezi kadhaa katika ubalozi wa Kuba baada ya kushindwa Kongo mwaka 1965.

Mtaa wa Samora wenyewe umebadilishwa jina mara mbili tangu enzi ya Waingereza. Waingereza waliuita Acacia, tukapata uhuru ukawa Independence, kisha ukapewa jina la Samora. Na kuna jambo moja nawaonyesha wageni tukiwa kwenye daladala: Barabara ya Mandela inaanzia upande wa bandarini, na ikifika Ubungo inakuwa Barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge. Afrika Kusini na Namibia zimeunganishwa na makutano ya Ubungo. Sidhani kama aliyepanga majina alikusudia, lakini mimi kila nikipita pale nafurahi.

Ukitaka kuendelea na habari hizo, nenda Magomeni kwenye nyumba ndogo ambayo Mwalimu Nyerere aliishi miaka ya harakati za TANU. Sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kabisa, na ndiyo sababu inagusa: unaona vyumba vilivyokaa mtu aliyekuja kuwa rais, na havizidi vya jirani yake.

Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho ni kitu kimoja?

Sio. Wageni wengi wamepelekwa na bodaboda mahali wasipokusudia kwa sababu ya mkanganyiko huu, basi mwambie dereva vizuri.

Makumbusho ya Taifa yako mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea iliyoachwa na Wajerumani. Yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Hazina yake kubwa ni fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi miaka milioni 1.75 hivi iliyopita. Yapo pia magari waliyotumia viongozi wa nchi, na ukumbusho wa waliouawa katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Hapo watu hunyamaza wenyewe.

Kijiji cha Makumbusho kiko nje kidogo ya mji, kituo cha daladala kinaitwa hivyo hivyo, Makumbusho. Ni eneo la wazi lenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi tangu miaka ya 1960: msonge wa Kihaya, tembe ya Kigogo, na nyingine nyingi. Unaingia ndani, unainama mlangoni, unaona mtungi na kinu. Mara nyingi kuna ngoma. Watoto wanapapenda kuliko makumbusho ya mjini, na watu wazima waliotoka kijijini zamani huanza kusimulia bila kuulizwa. Baba yangu alisimama mbele ya nyumba moja akanieleza mahali mama yake alipokuwa analala na mahali mbuzi walipokuwa wanafungwa. Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo nyumbani.

Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho.

Naruhusiwa kuingia misikitini na mahekaluni?

Makanisani unaingia wakati wowote ambapo hakuna ibada. Mahekalu ya Kihindu kwa kawaida yanapokea mgeni mwenye adabu: vua viatu, vaa nguo ya kusitiri, ulizia mlangoni kama unaweza kupiga picha. Misikiti inatofautiana, omba ruhusa kwa waliopo barazani na usiende wakati wa sala. Jamatkhana ya Waismailia ni kwa waumini wake, uione kwa nje. Sijawahi kufukuzwa popote nilipotanguliza salamu. Mji huu Mwislamu anakwenda kwenye harusi ya Mkristo na Mkristo anafuturu kwa jirani, kwa hiyo hakuna anayekushangaa ukiuliza kwa heshima.

Nikale nini, na wapi?

Sitataja hoteli. Nitataja mahali na wakati, kwa sababu chakula cha Dar kina saa zake.

Alfajiri, supu. Ya mbuzi au ya utumbo, na chapati, kwenye vibanda vya karibu kila kituo. Wanaotoka kaskazini wataiona mitori ya ndizi na nyama, tumeletewa na Wachaga. Saa nne vitumbua na chai ya rangi. Mchana nenda kwa mama lishe, umwambie wali wa nazi, maharage na samaki wa kupaka au wa kukaanga. Ijumaa mchana ni biriani na pilau, na Kariakoo utazikuta zikipakuliwa kutoka kwenye masufuria yanayoweza kumbeba mtoto.

Jioni inapoingia, mji unageuka jiko. Uhindini mitaa inajaa moshi wa mishikaki na kuku wa kuchoma, bhajia, kachori, chatini ya nazi na ya ukwaju. Kwa Waarabu kuna mandi, nyama na wali kwenye sinia moja, mnakula wengi. Vijiweni kuna wauza supu ya pweza na vipande vya kuchovya kwenye pilipili. Chipsi mayai, tunayoiita zege, utaikuta kila kona ya jiji. Mgeni wangu wa Toronto aliila siku tano mfululizo. Na baada ya Isha tafuta muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya mkaa. Kahawa chungu, kikombe kidogo, kashata ya karanga pembeni. Ukikaa hapo nusu saa utasikia siasa, mpira na habari za mtaa mzima. Usiogope kuchangia, lakini kwanza salimia.

Feri, kwenye soko la samaki, nako ni kivutio?

Kwangu ni kivutio namba mbili baada ya yale matembezi. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, ngalawa na mashua zinaporudi. Samaki wanapigiwa mnada hapo hapo, na dalali anapandisha bei kwa kasi ambayo utahitaji dakika kumi kuizoea. Utaona jodari, kolekole, changu, vibua, ngisi, pweza. Upande wa pili kuna wanaokaanga, unanunua samaki wako mbichi unakaangiwa. Vaa viatu usivyovijali.

Nikitaka vinyago na picha za Tingatinga za kweli?

Vinyago: Mwenge. Wachongaji wengi wana asili ya Umakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na unaweza kukaa ukawatazama wakichonga nyuma ya vibanda. Mitindo miwili ujue kuitofautisha. Ujamaa ni nguzo ya watu waliopandiana, kizazi juu ya kizazi, na shetani ni maumbo ya ajabu yenye midomo na macho yasiyo mahali pake. Mpingo halisi ni mzito, ukiutia majini unazama, na ukikwaruza chini rangi inabaki nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Mti uliopakwa kiwi ya viatu utaona weupe. Bei zungumzeni kwa utulivu, lakini kumbuka kinyago kikubwa ni kazi ya majuma mengi ya mtu, usimkate hadi ukamvunja moyo.

Tingatinga: Oysterbay, penye ushirika wa wachoraji. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, Tunduru, akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyepesi, akiziuza nje ya duka la Wazungu eneo hilo hilo. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na sasa jina lake ni jina la mtindo duniani kote. Muulize mchoraji jina lake, na ahakikishe ametia saini.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ninavifikaje?

Mbudya unavukia Kunduchi, Bongoyo unavukia Masaki. Vyote viko ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Mchanga mweupe, maji ya kuonekana chini, samaki wa kukaanga na chipsi unaagiza ukifika. Nenda siku za kazi, kwani Jumapili Mbudya hujaa. Upepo wa kusi ukivuma bahari inachafuka, msikilize nahodha, na usipande boti isiyo na maboya ya kujiokolea hata kama wenzako wote wamepanda.

Ukiwa Kunduchi usiondoke bila kuona magofu: msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo ambayo yalipambwa kwa sahani za Kichina. Watu wanapita na taulo zao kwenda ufukweni, na hatua chache kutoka kwao yapo mawe yanayosimulia kwamba pwani hii ilikuwa na biashara na China karne nyingi kabla ya maduka ya Kariakoo.

Na Coco Beach?

Jumapili jioni. Mihogo ya kukaanga, chachandu, dafu. Basi, hiyo inatosha.

Nataka muziki na mpira.

Muziki wa dansi ungali hai. Bendi za Msondo na Sikinde zimewachezesha wazazi wetu, na wapenzi wake wanavaa vizuri kuja kusikiliza. Ulizia zinapiga wapi wiki hiyo. Ukipita Sinza utasikia konda akiita "Kwa Remmy!" Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978, akaimba shida za walalahoi hadi watu wakamwita Dokta. Alifariki mwaka 2010, na kituo kimebaki na jina lake. Mkongo amekuwa kituo cha daladala Dar es Salaam, na hakuna anayeona ajabu. Vijana watakupeleka kwenye singeli, muziki uliozaliwa Tandale na Manzese, wenye mwendo wa kukimbia. Jiandae kutoka jasho.

Mpira ni Simba na Yanga. Yanga ni ya 1935, Simba 1936, na klabu zote mbili ni za Kariakoo; makao yao yako umbali wa kutembea. Wakikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, jiji linasimama. Nunua tiketi mapema, fika mapema sana, na ujue umekaa upande wa nani kabla hujavaa jezi. Ukikosa mechi, sikiliza mabishano ya kijiweni siku inayofuata.

Nizunguke kwa usafiri gani?

Mwendokasi, mabasi yenye barabara yake maalumu, ni rafiki wa mgeni kwa njia zake, hasa Kimara hadi Kivukoni, ambayo ilianza mwaka 2016. Asubuhi na jioni hujaa kupita kiasi. Daladala zinafika kila mahali. Soma jina la mwanzo na mwisho wa safari ubavuni, na mwambie konda "nishushe" ukitaja kituo. Bajaji na bodaboda patana bei kabla hujapanda, au tumia programu ya simu. Bodaboda omba kofia ngumu. Foleni ya jioni usiibishie, panga uwe tayari upande unaolala.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, hewa ni nyepesi. Tena mwanzoni mwa Julai kuna Maonesho ya Sabasaba kule Barabara ya Kilwa, ambako utakutana na nchi nzima. Masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kufunga barabara ya Jangwani. Januari na Februari ni joto la kukata pumzi, ila bahari imetulia. Ramadhani njoo ujue mchana migahawa mingi imefungwa, lakini magharibi utakaribishwa futari na watu usiowajua.

Naweza kupiga picha popote?

Ikulu, bandarini na kambi za jeshi usipige kabisa. Watu, omba kwanza. Feri na Kariakoo wengi watakubali ukiwa umenunua kitu au umeongea nao.

Bagamoyo niiunganishe siku hiyo hiyo?

Usiunganishe. Ni kama kilometa 70, na ina mengi: magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868, njia ya misafara. Ipe siku yake nzima.

Jioni ya mwisho, unampeleka wapi mgeni wako?

Nampandisha pantoni. Saa kumi na mbili kasoro tunasimama Magogoni pamoja na watu wanaorudi makwao Kigamboni: wenye ndoo, wenye baiskeli, mama aliyebeba mtoto na kuku. Nauli ya mtembea kwa miguu ilikuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Daraja la Nyerere limekuwepo tangu 2016 na ni zuri, lakini kwenye daraja huuoni mji. Pantoni likishaondoka, mgeuze uso nyuma. Utaiona minara ya Mtakatifu Yosefu na Azania Front mbele ya maghorofa, meli za mizigo zikisubiri zamu, na mashua za Feri zikifungwa. Adhana ya Magharibi inasikika kutoka pande zote mbili za maji. Safari ni dakika chache tu, kwa hiyo tukifika Kigamboni tunanunua mahindi ya kuchoma, kisha tunapanda tena kurudi.